Modemu Mpya na Yai la Asubuhi

Yai la Jumatano nalo lilipasuka.

Lilikuwa yai la kuku wa kienyeji, dogo, la rangi ya chai ya maziwa, limewekwa juu ya kitambaa cheupe katika chumba cha kujifungulia cha Kambi ya Chumvi. Kambi hiyo iko siku mbili za safari kutoka Usangi kwa mtu mwenye gari, na masika ile hakukuwa na gari lililothubutu. Bi Nakijwa alikuwa sebuleni kwake, juu mlimani Upareni, ameketi kwenye kiti cha mbao chenye mto wa maua. Alikuwa amevaa glavu za nyuzi mpaka viwikoni na miwani ya kuonea mbali, iliyomwonyesha kambi. Alikunja vidole taratibu kama anayeokota kinda. Kule kambini mikono miwili ya mpira, inayoning'inia juu ya kitanda, haikusogea. Halafu ikasogea. Bi Nakijwa alihisi ganda, akaachia. Mikono ya mpira ikaendelea kubana, kwa sababu ilikuwa bado inatii neno la nyuma. Ute ukachuruzika mpaka sakafuni.

"La kumi na tisa hilo, Koko," alisema Lemayian, muuguzi wa kambi, akichukua tambara. Alimwita Koko, yaani bibi, kama wanavyoita kwao. "Kuku wangu wataniandikia barua ya kugoma."

"Waambie mimi simo. Ni hii takataka mpya."

Takataka mpya ilikuwa imekaa juu ya kabati la vyombo: modemu nyeupe, laini, yenye umbo la sabuni iliyotumika nusu, na taa moja tu ya bluu. Ile ya zamani ilikuwa na taa sita, na Bi Nakijwa alizijua kama mtu anavyojua watoto wa jirani. Hii ya umeme, hii ya waya, na hii ikiwa nyekundu ujue mvua imelowesha kiungo pale kona ya kanisa. Hii mpya ilikuwa bluu ikifanya kazi, bluu ikishindwa, na bluu siku alipoipindua kifudifudi kwa hasira. Kitufe cha kuzimia haikuwa nacho. Kampuni ya Wepesi, iliyoileta wiki tatu zilizopita pamoja na kofia za bure, ilisema kuzima ni mambo ya kizamani.

Wepesi! Tangu jina lile liingie ndani ya nyumba, hapakuwa na kitu chepesi zaidi ya kofia zenyewe, ambazo zilipeperuka na upepo wa kwanza.

Kitandani, pembeni ya yai lililovunjika, alikuwa amelala Nasieku, mkono juu ya tumbo. Mtoto wake wa kwanza alizikwa hapo hapo kambini mwaka juzi, kabla mikono ya mpira haijaletwa. Huyu wa pili alikuwa amelala kingamo, kichwa ubavu wa kulia, makalio ubavu wa kushoto, kama msafiri aliyejinyoosha kwenye benchi la stendi. Uchungu ukija na yeye yuko hivyo, hatoki. Ilibidi ageuzwe kwa kusukumwa juu ya tumbo, kidogo kidogo, na Bi Nakijwa alikuwa amegeuza watoto thelathini na wanne namna hiyo maishani mwake. Siri yake ni moja tu. Tumbo likikaza, mkono uachie hapo hapo. Si baada ya kupepesa jicho. Hapo hapo. Ndiyo maana ya yai la kila asubuhi: mkono usioweza kuachia yai usiguse mtoto.

"Koko," alisema Nasieku, "zamani mikono yako ilikuwa inajua. Siku hizi inafikiria kwanza."

Bi Nakijwa alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaivaa tena. "Kesho saa nne tunamgeuza," alisema. "Na nitakuja na mikono inayojua. Lala kwa ubavu, mama. Usibebe hata kikombe."

* * *

Fundi wa kampuni alifika saa tano. Jina lake Evodius. Alivaa viatu vyeupe vilivyochongoka mbele, na alivipandisha mlima kwa uchungu mkubwa, akikwepa kila jani la mgomba kama limetegwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Ndiye wewe unayerekebisha, au umekuja kuangalia mandhari?"

Evodius alicheka kicheko cha kazini, akatoa kibao chake cha kioo. Kabla hajaigusa modemu aliuliza kama ameshajaribu kuizima na kuiwasha.

"Haina pa kuzimia."

"Hapana, namaanisha kwenye umeme. Unachomoa, unahesabu thelathini, unachomeka."

"Nimechomoa. Nimehesabu thelathini, nikahesabu tena kwa Kipare ikiwa Kiswahili haikielewi. Nimesubiri mpaka chai ikapoa. Nimechomeka. Imewaka bluu."

"Aa, bluu ni nzuri."

"Kwa nani?"

Fundi alizunguka sebule akinusanusa. Aliona kitambaa cheupe cha kufuma kwa mkono, chenye ncha za waridi, ambacho Bi Nakijwa alikuwa amekilaza juu ya modemu kama alivyokilaza juu ya redio, juu ya friji na juu ya picha ya marehemu mumewe. Akakiinua kwa vidole viwili.

"Bibi, tatizo ni hili. Kifaa kinakosa pumzi."

"Kitambaa kina matundu kuliko neti ya mbu."

"Na hizo sufuria kabatini zinarudisha mawimbi."

"Glavu zangu zinaenda kwa waya, baba. Waya huu hapa, umeukanyaga."

Evodius aliondoa kiatu. Akasogeza modemu kutoka kabatini hadi dirishani, kutoka dirishani hadi juu ya kochi, na kila mahali alikodolea kibao chake kama mganga anayesoma maji kwenye bakuli. Mwisho uso ukamng'aa. Alimgeuzia Bi Nakijwa kioo: mshale umelala upande wa kijani, na chini yake kuna kikatuni kinapiga makofi. "Unaona? Kasi yako ni mara nane ya ile ya zamani. Nyumba bora Usangi nzima."

"Hicho kinapima kutoka wapi mpaka wapi?"

"Kutoka kwenye kifaa mpaka kwa kampuni."

"Kwa hiyo unapima njia ya kwenda kwenu. Mimi nataka njia ya kwenda kwa mjamzito wangu." Akavaa glavu moja, akamvalisha fundi miwani, akamwonyesha mkono wa mpira kule kambini. "Hesabu. Nakunja kidole... sasa."

"Moja," alisema Evodius. Kule kambini kidole kikajikunja. "Sekunde moja tu, bibi! Hata mimi nikiitwa na bosi sifiki kwa sekunde moja."

Bi Nakijwa hakumkasirikia. Alikuwa ameshaona watu wa namna hii kwenye mifereji ya maji, vijana wa mradi waliokuja kumwagiwa sifa na kuondoka kabla tope halijakauka. Alimweleza polepole, kama anayemfundisha mtu kufunga kamba za viatu. Neno linatoka kidoleni, linaingia kwenye modemu, linakwenda kwenye sanduku la kijiji, linashuka mjini Mwanga kwa waya, linaruka angani, linatua kambini. Halafu hisia ya mwili wa mzazi inarudi njia ile ile mpaka kwenye ncha ya kidole chake. Zamani kwenda na kurudi ilikuwa pungufu ya kupepesa. Sasa ukihisi tumbo limekaza, umeshachelewa, na ukiachia, unachelewa mara ya pili.

"Basi nitaandika malalamiko," alisema Evodius, akibonyeza. "Pia naomba ile modemu ya zamani, ya kurudisha stoo."

"Ile? Wajukuu waliichezea ikapotea."

Ilikuwa sandukuni chumbani, imefungwa kwenye kanga, na waya wake umekunjwa vizuri kwa uzi mwekundu. Bi Nakijwa hakuwahi kutupa kitu kinachofanya kazi ili kumfurahisha mtu asiyefanya kazi.

* * *

Wapare wana desturi moja ya maji. Mlimani hukusanywa ndani ya ndiva, yaani bwawa la kijiji, na hugawanywa kwa zamu, shamba kwa shamba. Intaneti ilipopanda mlimani kwa waya mmoja mwembamba, wazee walicheka, wakasema hili tunalijua. Wakaliita sanduku la waya Ndiva ya Pili, wakalipangia zamu. Na wakaweka sheria moja juu ya zote: baragumu la msaragambo, lile la kuitia kazi ya pamoja, likilia mara tatu, maana yake mkunga anashika mzazi, na kila nyumba inachomoa modemu yake mpaka lilie tena. Hakuna aliyewahi kulalamika. Hata harusi ya kutazamwa kwa mbali ilisimama nusu saa, bwana arusi ameganda kiooni na pete mkononi.

Sasa mtu aliyezaliwa kwenye mifereji, shamba lake likipata maji kidogo, ana jibu moja tu kichwani: kuna wa juu yangu anachepusha. Bi Nakijwa naye alikuwa wa mifereji. Na wa juu yake alikuwa Mzee Kiangi, binamu wa marehemu mumewe, mlinzi wa ndiva zote mbili na mpiga baragumu mwenyewe.

Saa nane mchana aliomba baragumu lilie la majaribio. Lilipolia la tatu alivaa glavu, akajaribu kidole. Sekunde moja, ile ile. Akavua, akachukua fimbo, akapanda kwa Kiangi bila hodi.

"Jumatano ni siku ya mpira," alisema mlangoni, akihema. "Na mimi nilikuwa nawaza kwa nini wiki tatu nzima!"

Mzee Kiangi alikuwa ameketi kwenye kigoda, baragumu magotini. Modemu yake ilikuwa mbele yake ndani ya beseni, imechomolewa, waya umewekwa pembeni kama ulimi wa ng'ombe buchani. Televisheni ilikuwa nyeusi.

"Shemeji," alisema kwa upole mbaya, "miaka arobaini na sita nagawa maji. Nimemnyima maji baba yangu mzazi zamu yake ilipokwisha. Leo unanijia na fimbo kwa ajili ya mpira? Tena timu yangu inafungwa. Nikuibie ili nitazame aibu?"

Bi Nakijwa aliona haya mpaka masikioni. Aliketi kwenye ngazi. "Nisamehe, shemeji. Naogopa."

"Ogopa, lakini kwa mpangilio." Kiangi akainuka kwa hatua mbili, moja ya goti zuri na moja ya goti bovu. "Maji yakipungua mtu hapigi kelele. Anafuata mfereji."

Wakafuata mfereji. Ndiva ya Pili ilikuwa ukutani mwa stoo ya kijiji, sanduku la bati lenye mishale ishirini na saba midogo, mshale kwa kila nyumba, iliyofungwa na Kiangi mwenyewe kwa sababu hakuamini kitu asichokiona kikisogea. Mshale ukilala kulia, nyumba inanywa. Ukisimama, nyumba imefunga. Ukilala kushoto, nyumba inapandisha. Mishale ishirini na sita ilikuwa imesimama wima kama askari. Mmoja tu ulikuwa umelala, tena umelala kushoto mpaka umegusa ukingo. Chini yake Kiangi alikuwa ameandika kwa wino: NAKIJWA.

"Lakini sijavaa glavu!" alisema Bi Nakijwa. "Nyumbani hakuna mtu!"

Kiangi aligonga kioo kwa ukucha. Mshale haukutikisika. "Shemeji," alisema, "shamba lako linamwagilia mto."

* * *

Kuipata kampuni kulikuwa kazi nyingine. Aliyepokea ni sauti iitwayo Furaha, ambayo si mtu, na ambayo ilikuwa na furaha ya mtu asiyewahi kufiwa. Furaha ilifurahi kusikia tatizo. Ilifurahi kumshauri achomoe, ahesabu thelathini. Mara ya nne Bi Nakijwa alisema, "Navua glavu. Naacha kazi." Hapo furaha ikakatika, na mtu mwenye mapafu akaja hewani papo hapo.

"Mama yangu, naitwa Tumsifu. Ni mkuu wa Masomo ya Mikono. Kuna nini?"

"Masomo ya nini?"

Tumsifu alikuwa na sauti nzuri, ya mwanamke aliyesoma na kupumzika vizuri. Hakuficha. Alieleza kama anayetoa zawadi. Modemu mpya haikuwa ya kupeleka mikono tu, ilikuwa ya kujifunza mikono. Kila Bi Nakijwa alichofanya ndani ya glavu, na kila kilichosemwa sebuleni, kilinakiliwa mara thelathini na kupandishwa kwa kampuni mchana na usiku. Kulikuwa na kambi sitini na mbili kama ile ya chumvi, zisizo na mkunga. Baada ya miezi miwili mikono ya mpira ingejua kazi yenyewe, bila mtu wa kuivaa.

"Na nani aliwaruhusu?"

"Kifungu cha kumi na tisa, mama. Ulibonyeza kukubali."

"Mlinionyesha kwenye kioo cha ukubwa wa kucha. Nilisoma mpaka cha saba, kikajifunga."

"Lakini fikiria, mama. Kambi sitini na mbili."

Bi Nakijwa alifikiria, na ndipo lilipoanza kumuuma, kwa sababu mama yule hakuwa anasema uongo. Alizijua kambi hizo. Alijua zinavyozika.

"Basi kesho asubuhi zimeni hicho kijifunzaji," alisema. "Nusu saa. Nina mtoto wa kingamo."

"Tunajua." Sauti ya Tumsifu ilishuka, ikawa karibu ya heshima. "Ndilo somo tunalolikosa, mama. Hatuna hata mtoto mmoja wa kingamo. Tukizima, kesho inapotea. Ni kuchelewa kwa sekunde moja tu."

"Umezaa wewe?"

"Mmoja."

"Aliyekushika, mikono yake ilikuja na wewe au ilikuja baada yako?"

Tumsifu akarudi kwenye karatasi yake. Ukifunga kifaa kingine, mkataba unakwisha. Mikono ya kambi itarudishwa stoo. Masomo yatasimama, na kambi sitini na mbili zitasubiri mkunga mwingine akubali. "Na kwenye fomu kuna mahali pa kuandika sababu, mama. Itabidi niandike jina lako."

"Liandike vizuri. Lina kei moja. Na hayo mayai kumi na tisa, mmeyajifunza pia?"

"Kila kitu kimehifadhiwa."

"Yamepasuka yote."

"Huwa tunarekebisha baadaye."

"Baadaye," alisema Bi Nakijwa, kama mtu anayetema mbegu, akakata simu.

Jioni hiyo aliketi barazani na ungo wa maharage, akachambua. Hili bovu, hili jiwe, hili zima. Sitini na mbili. Akaweka mwanamke mmoja kwa kila kambi, halafu wawili, halafu akaacha kwa sababu nyuso zilikuwa nyingi na zote hazikuwa na majina. Pengine wangerekebisha kweli. Pengine mikono iliyofundishwa na modemu inayochelewa ingekuwa bora kuliko ukuta mtupu na mwanamke anayelia. Hakujua, na hakuwa mtu wa kujifanya anajua. Lakini alijua kwamba hakuna hata mmoja wa hao wenye sauti nzuri aliyekuja kumuuliza, Mama, tufundishe. Angewafundisha bure. Angewapikia na chakula. Badala yake walimwekea mdomo juu ya kabati, unyonye, na kofia ya kumfumba macho.

Na kesho saa nne kulikuwa na mwanamke mmoja, na huyu alikuwa na jina.

* * *

Alhamisi asubuhi Kiangi alikuja na koleo mfukoni. Bi Nakijwa alikuwa ameshafungua sanduku na kukata uzi mwekundu.

"Nikikata hapa," alisema Kiangi, ameshika waya wa modemu nyeupe, "nakata na mikono ya zile kambi sitini na mbili."

"Najua."

"Nasema tu ili usije ukasema sikusema."

"Kata, shemeji."

Modemu ya zamani iliwaka taa zake sita, mojamoja, kama watoto wanaoitikia majina. Baragumu likalia mara tatu, na mlimani kote nyumba zikanyamaza. Bi Nakijwa akavaa glavu. Yai la Alhamisi lilikuwa juu ya kitambaa. Akaliinua. Akaligeuza. Akalitia kiganjani mwa Lemayian, zima, na likatulia pale.

"Haya," alisema. "Sasa nawa mpaka kiwikoni."

"Mimi?"

"Yuko Lemayian mwingine humo? Nawa. Mikono yako iwe chini juu ya tumbo, yangu juu ya yako. Mimi nikisukuma, wewe umesukuma. Nikiachia, umeachia. Leo nafundisha mtu."

"Koko, mimi ni wa malaria na vidonda..."

"Na mimi nilikuwa wa kuchunga mbuzi. Nawa!"

Walipoanza tu, modemu nyeupe, iliyotupwa kochini na waya wake mfupi, ilisema kwa pumzi yake ya akiba, yaani betri na mawimbi ya hewani: "Habari! Tumetambua kifaa kisichoidhinishwa. Huduma itasitishwa baada ya dakika kumi na tano. Siku njema!"

Bi Nakijwa hakugeuza hata shingo. Alitafuta kichwa, akakipata kulia, kigumu na cha mviringo. Akatafuta makalio. "Huku unasukuma kichwa kishuke, huku unasukuma makalio yapande. Usiwe na nguvu. Nguvu ni ya kufungua makopo. Unahisi?"

"Nahisi."

"Unahisi nini?"

"Kama... kama anakataa, halafu anafikiria."

"Huyo huyo. Sasa, linakaza, achia!" Mikono minne ikafunguka kwa pamoja, hapo hapo. Nasieku akapumua kwa meno. Wakasubiri. Lemayian akasikiliza moyo wa mtoto, akapiga mapigo yake kwa kidole kitandani ili Bi Nakijwa ayasikie: mepesi, sawasawa. Wakaanza tena.

Dakika ya tisa kichwa kilikuwa kimeshuka robo ya njia. Dakika ya kumi na mbili, nusu. Wakati mwingine Bi Nakijwa alianza kuachia, akakuta mikono ya chini imeshaachia kabla yake. Aliona, akalegeza mikono yake kidogo zaidi.

"Dakika moja imebaki!" ilisema modemu kwa furaha.

"Lemayian. Nikipotea, wewe hupotei. Tumbo ndilo linalokuambia, si mimi. Likikaza..."

Miwani ikawa nyeusi. Ndani ya glavu, tumbo la Nasieku likatoweka chini ya vidole vyake, akabaki ameshika hewa ya sebuleni, vidole vimekunjwa nusu.

Hakuvua glavu. Kiangi alisogea, akasimama nyuma ya kiti chake. Kochini modemu nyeupe ikalia kengele tamu: "Asante kwa kuwa nasi! Je, umeridhika na huduma yetu? Tupatie nyota, moja hadi tano."

Bi Nakijwa aliinuka na glavu zake, akaichukua, akatoka nayo nje. Banda la kuku lilikuwa na mlango usiokaa, unaopigapiga na upepo tangu Krismasi. Akaichomeka chini ya mlango. Ilikaa sawasawa kabisa. Ilikuwa kazi ya kwanza aliyoiona ikiifanya bila kuchelewa.

* * *

Kambi ya Chumvi ilikuwa na simu moja ya maandishi tu, ya zamani, inayoshika ikipandishwa juu ya tangi la maji. Alhamisi ikapita. Ijumaa asubuhi Bi Nakijwa alifagia uwanja mara tatu. Saa tisa alasiri Mzee Kiangi aliteremka kwa magoti yake mawili yasiyofanana, simu imeinuliwa juu kama mtu anayevuka mto na nguo zake. Walisoma pamoja, Kiangi kwa jicho, Bi Nakijwa kwa midomo.

*Kichwa kilifika chini saa sita kasoro jana. Msichana, leo alfajiri. Mama mzima. Wamekuja kuchukua mikono ya mpira kwa ndege, wakati siku zote walisema ndege haiwezi kutua kwenye chumvi. Asubuhi hii nimeshika yai kwa mikono yangu. Halikupasuka. Nimelikaanga.*

Bi Nakijwa aliisoma mara mbili. Akaketi kwenye ngazi. Alicheka kidogo hapo penye ndege, kicheko kikavu. Baadaye alitazama mikono yake mwenyewe, iliyovimba viungo, ambayo kuanzia siku ile ilikuwa ya huku tu, haifiki popote. Kule chini mlango wa kuku ulikuwa kimya.

"Kambi sitini na mbili, shemeji," alisema.

"Nilishasema."

"Nipe hiyo simu."

Aliandika kwa kidole kimoja, taratibu, akifuta na kurudia, kwa sababu hakupenda makosa. Maandishi hayo yangefika baada ya saa nzima, pengine mbili, kwa mwendo wa kobe, na kwa mara ya kwanza katika wiki tatu hakujali yatachelewa kiasi gani.

*Kambi iliyo jirani nawe, inayofikika kwa miguu, wagonjwa wanashikwa na nani? Mwite Jumatatu. Akae kulia kwako. Anawe mpaka kiwikoni, na aje na yai lake.*